Mlutheri kijijini pasipo na KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania): aabudu wapi, na ashiriki hadi wapi?

Mwalimu_Rukwa: Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Mwalimu Mlutheri amepangiwa shule ya kijijini, Rukwa. Usharika wa karibu uko mbali na nauli ya bodaboda kila Jumapili haivumiliki. Hapo kuna Wakatoliki, Moravian, Wasabato na TAG (Tanzania Assemblies of God, Wapentekoste). Aende kwao au asalie nyumbani? Ana mtoto wa miezi minne, hajabatizwa.

Mzee wa Usharika: Aende. Waebrania 10:25 inakataza kuacha kukusanyika, haitaji dhehebu. Hata Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani ya Walutheri, ibara ya 7, linasema kwa umoja wa Kanisa inatosha kukubaliana juu ya Injili na sakramenti. Taratibu za kibinadamu si lazima zifanane.

Mimi ningeanzia Moravian. Nao wamo CCT (Jumuiya ya Kikristo Tanzania) kama KKKT, wanabatiza watoto na wana kipaimara. Kabla hajaondoka, achukue kwa mchungaji wake barua ya utambulisho na nakala za vyeti vya ubatizo na kipaimara. Akifika, amwone mchungaji au mzee wa kanisa katikati ya wiki, asimshtukize Jumapili mbele ya Meza ya Bwana.

Wengi huharibu hapa: wanahama kimya kimya na ahadi, yaani mchango walioahidi usharika, wanaacha kulipa. Ukija msiba, usharika wa zamani unasema hatumwoni kwenye daftari, kanisa jipya linasema si wetu. Ahadi aitume kwa simu, na abaki na stakabadhi.

Katekista: Tumsifu Yesu Kristo. Misa iko wazi kwa kila mtu: asali, aimbe, asikilize masomo. Komunyo ni jambo jingine. Kanuni 844 ya Sheria za Kanisa inamruhusu Mprotestanti katika hatari ya kufa, au hitaji zito jingine kwa uamuzi wa askofu. Na hata hapo awe hawezi kumpata mhudumu wake, aombe mwenyewe na awe na imani ya Kikatoliki juu ya sakramenti hiyo. Nauli ya bodaboda haitoshi kuitwa hitaji zito, samahani mwalimu. Wakati wa komunyo abaki kwenye benchi. Zipo parokia zinazombariki anayekuja amekunja mikono kifuani, ila aulize kwanza.

Ubatizo wake haurudiwi, maadamu alibatizwa kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu.

Berea: Mmewaruka wawili. Kwa Wasabato Meza ya Bwana iko wazi kwa waamini wengine. Kwa kawaida ni mara moja kila robo mwaka na hutanguliwa na kuoshana miguu, asishangae akiletewa beseni. Tena ibada yao ni Jumamosi, haigongani na ya Moravian.

Ugumu uko kwenye kujiunga. Wasabato na TAG hawahesabu ubatizo wa mtoto mchanga, watataka azamishwe kwenye maji mengi. Kwa Mlutheri huko ni kuukana ubatizo wa kwanza (Waefeso 4:5). Na haisemwi siku ya kwanza. Huanza na kwaya, kisha maombi ya nyumbani, kisha jina lake liko darasa la ubatizo. Aseme mapema kwamba ni mgeni mwenye kanisa lake.

Mwalimu_Rukwa: Asanteni wakuu. Na mtoto?

Mzee wa Usharika: Ampigie mchungaji wake kwanza. Ama ampeleke usharikani wakati wa likizo, wazazi wa ubatizo wakiwa wamepatikana, ama mchungaji wa Moravian abatize kwa makubaliano ya wachungaji wawili, na cheti kiandikwe. Mtoto akizidiwa ghafla, Mkristo yeyote anaweza kummwagia maji kichwani akisema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Kisha ampe mchungaji taarifa pamoja na jina la shahidi, ili iingie daftarini. Akipona habatizwi tena. Huletwa tu mbele ya usharika kuombewa.