Padi kwenye ligi ya kompyuta: zipigwe marufuku au ziachwe?

Wa Majengo (mwanzisha mada)
Assalaam alaykum wanabaraza, na wengine wote hamjambo. Nina jambo lanikera.

Kuna kibanda cha gemu hapa kwetu Mombasa kiliuza PlayStation zake zote, sasa ni kompyuta tupu. Mwenyewe anaandaa ligi ya Ramadhani, watu wakishatoka tarawehe. Ukutani amebandika karatasi: magemu matatu, yaani PES 2013 ya mpira, Tekken 7 ya ngumi na Call of Duty 4 ya vita. Kila mchezaji kibodi na mausi, padi (ile ya kushika mikononi, yenye vijiti na vitufe) hairuhusiwi. Ukimuuliza kwa nini, jibu lake ni "kompyuta ni kompyuta".

Mimi napinga. Kwenye mpira vitufe vya mishale vinakupa pande nane, basi. Kijiti cha padi kinazunguka duara nzima, na ile pasi ya kupenyeza katikati ya mabeki wawili mara nyingi inataka pembe ambayo mshale hauna. Kama ligi ni ya kupima nani anajua mpira, mbona tupimane nani amezoea vitufe? Semeni.

Kibodi Damu
Pole yakhe, lakini padi ni kubebwa. Nenda kwenye magemu ya vita ya mtandaoni ujionee. Mwenye padi anapewa msaada wa kulenga: alama ya kulengea ikimkaribia adui inapunguza mwendo yenyewe isimpite, na adui akihama inamvutia kwake. Binadamu akiona kitu kimesogea, mpaka kidole kiitikie zimepita kama milisekunde 200. Programu haina kusubiri huko. Sasa mimi na mausi yangu nashindana na mtu, ama na mtu pamoja na mashine?

Wala si maneno yangu peke yangu. Wenye gemu la vita la Apex Legends waliupunguza nguvu msaada huo mwaka 2024 kwa wanaotumia padi kwenye kompyuta. Riot, wenye gemu la Valorant, ndio kabisa: Valorant ya kompyuta haichezwi kwa padi, na walipoipeleka kwenye PS5 na Xbox mwaka huohuo wakatenganisha, wa konsoli wacheze na wa konsoli, wa kompyuta na wa kompyuta. Hao nao ni wajinga?

Jirani wa Kongowea
Si wajinga, ila wewe wapigana na mtu ambaye hayuko ukumbini. Msaada wa kulenga haukai ndani ya padi, unawekwa na gemu. Na Call of Duty 4, ile ya 2007, kwenye kompyuta haikutengenezewa padi kabisa. Chomeka uone: inakutazama, waitazama. Utafute programu ya kukigeuza kijiti kiwe kama mausi, na hapo msaada hakuna, mwenye mausi halisi atakunyoa bila maji. Kwa hiyo kwenye vita marufuku haina kazi. Anayetaka kuingia na padi mwacheni aingie, atatoka mwenyewe.

Kibodi Damu
Sawa, kwa hilo gemu. Lakini ukishafungua mlango leo, mwakani wakiweka Warzone, gemu la vita lenye msaada huo, utaufunga vipi?

Jirani wa Kongowea
Mwakani tutajadili ya mwakani. Kwani hii ni katiba?

Dada wa Tudor
Mimi nafanya kazi ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kutwa nzima naingiza nambari za makontena. Jioni mkono wa kulia hauna hamu ya kushika mausi hata kidogo. Padi naishika mapajani, nimeegemea kiti, vidole gumba ndivyo vinavyofanya kazi. Sasa mwaniambia nikitaka kuingia ligi nirudi tena ofisini? Na kuna watu wenye mikono yenye ulemavu ambao kibodi haiwafai kabisa. Microsoft walitoa padi maalumu kwa ajili yao tangu 2018. Karatasi ile ya ukutani imewafuta wote kwa mstari mmoja.

Fundi wa Bondeni
Nawasoma tu tangu asubuhi. Natengeneza vitu hivi, kwa hiyo niruhusuni niseme kirefu kidogo, maana naona mwazungumza haki bila kufungua kifaa.

Kwanza kibodi yenyewe. Pale kibandani wachezaji wawili wa mpira wanakaa kompyuta moja, kibodi moja, mmoja kushoto mmoja kulia. Kibodi za bei rahisi ndani zimepangwa kama wavu, safu kwa mistari. Vitufe vikibonyezwa vingi kwa pamoja, kuna michanganyiko ambayo haiwezi kuisoma, basi inakitupa kimoja. Mwenzako ameshikilia mshale na kitufe cha kukimbia, wewe uko peke yako na kipa, wabonyeza shuti, halitoki. Utadhani umechelewa kumbe kibodi imekunyima. Nimewahi kuletewa kibodi nzima kabisa na vijana waliokuwa karibu kupigana kwa ajili hiyo. Dawa yake ndogo tu: chomeka kibodi ya pili, kila mtu na yake.

Pili padi. Windows inaitambua padi ya Xbox moja kwa moja. Ya PlayStation mara nyingi inabidi ipite kwenye Steam, duka la magemu la mtandaoni, ambayo iliipokea DualShock 4, padi ya PS4, tangu mwisho wa 2016, au kwenye DS4Windows, programu ya kuifanya ionekane kama ya Xbox. Magemu yale ya kukopi, ambayo hayafunguliwi kwa Steam, mengi hayataiona mpaka uyape msaidizi huyo. Kwa hiyo mtu akija na padi yake saa nne za usiku, nani atakaa kumpangia vitufe foleni ikingoja?

Tatu, na hili ndilo la Mombasa hasa: jasho na hewa ya chumvi. Chini ya kijiti kuna kipande kinachosugua njia ya kaboni. Ikilika au ikiingia uchafu, kijiti kinajiendea chenyewe, mchezaji anatembea hujamgusa. Msimu wa kaskazi meza yangu hujaa hizo. Nazisafisha kwa spiriti, zarudi. Ziko zinazotumia sumaku badala ya msuguano, kama Sega walivyofanya kwenye Dreamcast tangu 1998, lakini nyingi ninazoletewa si hizo. Ukija na padi yenye kijiti kinachojiendea, ukafungwa, usilie.

Mzee wa Makadara
Na Tekken je? Mwaisahau. Ile ni ya pande nane tangu mashine za arkedi, kijiti cha duara hakikuongezi kitu. Kwenye Evo, mashindano ya magemu ya ngumi kule Marekani, kila mtu huja na chake, mwenye padi, mwenye fimbo kubwa, na wengine na kisanduku cha vitufe vitupu bila kijiti, ambacho ni kibodi tu iliyovaa suti. Kibodi kwa Tekken si unyonge. Mwanzisha mada usitubebeshe magemu matatu kwa hoja ya mpira.

Wa Majengo
Mzee wangu, hapo nakubali, Tekken naitoa. Nabaki na mpira.

Mwenye Kibanda
Haya, nimeitwa, nimekuja. Mwanisema sana kwa karatasi moja.

Sikuandika vile kwa ajili ya haki wala msaada wa kulenga. Padi zangu zilikufa zote. Mtu akifungwa bao la dakika ya mwisho hampigi aliyemfunga, hupiga padi mezani. Kibodi ikivunjika nanunua nyingine sijui hata nimetoa pesa. Padi asilia nikinunua mbili, faida ya mwezi imekwenda, na za bandia hazifiki Idi. Nikisema kila mtu aje na yake, watoto wa hapa nyuma ambao hawana wataonewa na wa Nyali wenye DualSense, padi za PS5. Sasa niambieni ninyi wenye hoja, nifanye nini?

Dada wa Tudor
Ungeandika hivyo tangu mwanzo tusingegombana, kaka.

Wa Majengo
Mwenye kibanda, sikiza. Kwenye mpira mwenye padi aje nayo, ya waya tu, afike mapema fundi aipange. Lakini mechi isianze mpaka mpinzani ahakikishiwe nafasi ya kuitumia: kipindi cha kwanza wewe padi yeye kibodi, cha pili mnabadilishana. Asiyetaka kuishirikisha yake acheze kwa kibodi. Tekken kila mtu na chake. Vita viacheni kama vilivyo.

Fundi wa Bondeni
Nitakuja kuzipanga, ila kibodi ya pili iwe imechomekwa kabla sijafika.

Mwenye Kibanda
Kubadilishana nusu kwa nusu naipenda. Nabadilisha karatasi kesho. Atakayeipiga padi ya mwenzake mezani ataitengeneza kwa fundi kwa pesa yake, na hilo naliandika kwa wino mwekundu.

Kibodi Damu
Basi mpira sijiandikishi. Kipindi kimoja na kitu ambacho sijawahi kukishika, mbele ya mtaa mzima? Niwekeni kwenye vita.