Bastola ndogo ya kubeba kila siku: Glock 19, SIG P365 au rivolva ya risasi tano?

Mtembea_Jioni

Wakuu, salaam. Kibali changu kimetoka na mafunzo ya mwanzo nimeyamaliza, sasa nimekwama kwenye kuchagua. Kazi yangu inanipa kushika fedha taslimu jioni. Natembea kwa miguu, nakaa sana kwenye gari, na mchana kutwa niko kitini. Nataka bastola moja itakayokaa mwilini siku nzima bila mtu kuiona.

Nimechuja, zimebaki tatu. Glock 19, risasi 15 za 9×19 (unene wa milimita 9, ganda la milimita 19), mtutu wa milimita 102, ikijaa risasi inakaribia gramu 850. SIG P365, risasi 10 za aina hiyohiyo, mtutu wa milimita 79 hivi, na ikiwa na magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini) isiyo na risasi ni kama gramu 500. Ya mwisho ni rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya Smith & Wesson 642, risasi tano za .38 Special, zaidi kidogo ya gramu 400. Naomba anayezijua kwa kuzibeba aniambie zinatofautianaje baada ya saa nane kiunoni, na zinatofautianaje siku ya kulenga shabaha.

Shabaha_Moja

Karibu mkuu. Nafundisha watu kulenga, kwa hiyo nitaanzia uwanjani.

Kadiri bastola inavyokuwa ndogo ndivyo inavyokuwa rahisi kuibeba na ngumu kuipiga. Risasi ni ileile ya 9×19, nguvu ni ileile, ila chuma cha kuipokea kimepungua, basi mkono ndio unaobeba tofauti. Mtutu ukifupishwa, umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele unafupika pia, na kosa dogo la jicho linakuwa kosa kubwa kwenye shabaha. Halafu kuna mpini: mtu mwenye kiganja kipana akishika bastola ndogo, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani, na bastola inahamahama kila inapolia.

Glock 19 ilitoka mwaka 1988 na mpaka leo ndiyo wanayoipimia nyingine. Ni kubwa vya kutosha kushikwa kwa vidole vyote na ndogo vya kutosha kufichika chini ya shati pana. Mwanafunzi mpya nikimpa hiyo, matundu yake kwenye karatasi yanakaribiana mapema. Nikimpa ndogo zaidi, siku ya kwanza yanatawanyika.

Hata hivyo P365 si ndogo ya kudharau. Kabla yake, ukitaka bastola nyembamba ya 9×19 ulikubali risasi sita au saba. Glock 43 ya mwaka 2015, kwa mfano, magazini yake ya kawaida inabeba sita. SIG walipoitoa P365 mwaka 2018 walikuja na magazini ambayo risasi zinajipanga kwa kupishana huku chini, kisha inabana kuelekea mdomoni. Ndiyo maana zikaingia kumi kwenye unene ule mdogo. Wengine wengi wakalazimika kufuata.

Mzee_Zamu

Shabaha_Moja kasema kweli ya uwanjani. Ya mwilini nitasema mimi, nimelinda watu kwa miaka mingi.

Urefu wa mtutu hausumbui kama watu wanavyodhani, kwa sababu mtutu unaingia ndani ya suruali. Kinachokufichua ni mpini. Ukiinama kuokota kitu, mpini ndio unaochomoza na kuinua shati. Kwa hiyo usipime bastola kwa urefu wake, pima kimo chake kuanzia juu ya slaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma bastola inapolia) mpaka chini ya magazini. Glock 19 ni milimita 128, P365 ni karibu 109. Sentimita mbili hizo ukiwa umevaa shati jepesi ni nyingi sana.

La pili ni mkanda. Mkanda laini wa kawaida unakunjika kwa uzito, ala (mfuko wa kuvalia bastola) inalala upande, bastola inaning'inia, na kufikia mchana kiuno kinauma. Mkanda mgumu uliotengenezwa kubebea silaha unaifanya Glock 19 ionekane nyepesi kuliko P365 iliyofungwa kwenye mkanda mbovu. Watu hutumia fedha yote kwenye bastola, wakabakiza chenji ya ala na mkanda. Wewe tenga bajeti ya hivyo viwili kwanza.

Kwa mtu wa kukaa kitini na kwenye gari kama wewe, kubeba nyuma ya nyonga ya kulia ni mateso. Kiti kinakugandamiza, na mkanda wa usalama unakuzuia kuifikia. Kubeba mbele, upande wa kulia wa kitovu, kunafikika ukiwa umekaa, lakini mtutu unaelekea kwenye paja na kwenye mshipa mkubwa wa damu. Anayebeba hapo hana nafasi ya uzembe wakati wa kurudisha bastola kwenye ala.

Dada_Amani

Niongeze upande ambao wanaume huwa hawaugusi. Nguo nyingi za kike hazina mkanda, na nyingine hazina hata mfuko wa maana. Ndipo mtu anapoambiwa "chukua rivolva ndogo, tia kwenye mkoba, ni rahisi."

Rahisi kuelewa, ndiyo. Unafungua silinda, unaona risasi zote tano kwa jicho, hakuna chemba (mahali risasi inapokaa tayari kupigwa) ya kusahau. Hiyo 642 nyundo yake imefichwa ndani ya mwili wa bastola, kwa hiyo haikwami kwenye kitambaa ikitoka. Na mtu akikukumbatia kwa nguvu, rivolva italia hata ikiwa imegandamizwa mwilini mwake, wakati bastola ya slaidi ikisukumwa mdomoni slaidi inaweza kurudi nyuma kidogo ikakataa kulia. Hayo ni manufaa ya kweli.

Lakini kuipiga sawasawa? Triga yake ni ndefu na nzito, kilo tano na ushee, kwenye bastola yenye uzito wa chini ya nusu kilo. Kidole kikivuta, bastola nzima inataka kwenda na kidole. Mtutu wenyewe hauzidi sentimita tano na kilengeo chake cha mbele ni kidogo mno. Naipenda na ninayo, ila mtu akimwambia mwanamke mgeni wa silaha kwamba hiyo ndiyo "ya wanawake", anamkabidhi bastola inayotaka mazoezi kuliko zote tatu.

Kwa wanaosema hawana nguvu ya kuvuta slaidi: msivute. Shika slaidi kwa kiganja kizima huku bastola ikiwa karibu na kifua, mdomo ukielekea upande salama, kisha usukume mpini mbele kwa mkono mwingine kama unayepiga ngumi. Nguvu ya bega inafanya kazi ambayo vidole viwili haviwezi.

Na mkoba: kama ni lazima, uwe na chumba cha bastola peke yake, chenye ala inayofunika triga. Bastola iliyolala wazi pamoja na funguo na kalamu ni ajali inayosubiri saa yake. Mkoba unanyakuliwa pia, na mtoto anaufungua.

Fundi_Chuma

Mkuu, hujauliza, lakini najua utashawishiwa na zile ndogo zaidi za .380 (risasi fupi kuliko 9×19), au za zamani kama Walther PPK ya mwaka 1931. Ni nzuri kwa macho na nyembamba. Ila PPK haina kifungio cha mtutu. Slaidi inazuiwa na uzito wake na springi tu, kwa hiyo springi lazima iwe ngumu. Matokeo yake watu wanashangaa: risasi hafifu kuliko 9×19, lakini slaidi ni ngumu kuvuta na bastola inapiga kiganja kwa ukali. Makarov ni ndugu wa mfumo huohuo, imara sana, risasi nane, gramu 730. Lakini kitufe chake cha kutolea magazini kiko chini ya mpini, na kubadilisha magazini kwa haraka kunataka mikono yote miwili.

Sasa la risasi zenyewe. Za kichwa kizima cha shaba ni za mazoezi. Zikimpiga mtu mara nyingi zinapita na kuendelea na safari, na nyuma yake kuna nani? Za kichwa chenye tundu hupanuka na kupoteza kasi, ndiyo maana watu wa ulinzi huzichagua, lakini kuna sehemu raia hawaruhusiwi kuwa nazo. Soma masharti ya kibali chako kabla hujanunua hata moja.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui. Ukitoa risasi kwenye chemba kila usiku na kuirudisha ileile kila asubuhi, slaidi inaigonga kwenye njia ya kupandia, na kichwa cha risasi kinazama kidogokidogo ndani ya ganda lake. Isimamishe mezani kando ya risasi mpya ya boksi moja, zitazame usawa wa macho. Ukiona moja ni fupi, hata kwa unene wa ukucha, itenge. Ikipigwa hivyo shinikizo ndani ya ganda linapanda kupita kiasi.

Kijana_Makini

Samahani wakuu, mnabeba risasi ikiwa chembani au chemba tupu? Glock haina kitufe cha usalama, mimi hilo linanitisha.

Shabaha_Moja

Swali zuri, kijana. Glock ina vizuizi vitatu vinavyofanya kazi vyenyewe: kimoja kwenye triga, kimoja kwenye pini ya kugonga risasi, kimoja cha kuzuia isilie ikianguka. Vyote vinaachia triga ikivutwa. Maana yake bastola ya namna hiyo haibagui kidole, kamba ya koti wala pindo la shati. Chochote kitakachovuta triga, italia. Usalama wako uko kwenye ala ngumu inayofunika triga yote na kwenye kidole kilichonyooka pembeni. P365 ipo pia yenye kitufe cha usalama kwa anayekitaka, na si aibu kukitaka, mradi ufanye mazoezi ya kukishusha kila unapoichomoa.

Mgeni abebe chemba tupu mpaka mwalimu wake aseme vingine. Lakini ajue kwamba kukoki, yaani kuvuta slaidi ili risasi iingie chembani, kunahitaji mikono miwili na sekunde ambayo huenda hatapewa, kwani mkono mmoja unaweza kuwa umeshika mtoto au unamzuia mtu.

Mzee_Zamu

Kwenye ala nikaze hapo hapo. Ala ya ngozi laini iliyochakaa mdomo wake hujikunja kwa ndani, na ukirudisha bastola mkunjo ule unaingia kwenye triga na kuisukuma. Nunua yenye mdomo usiobonyea. Wakati wa kuirudisha hakuna haraka yoyote duniani: inua shati juu kabisa, tazama kwa macho, ingiza taratibu, na ukihisi kizuizi simama, usisukume.

Ukibeba mfukoni, mfuko huo usiwe na kitu kingine kabisa, hata sarafu moja, na bastola bado ikae ndani ya ala yake.

Halafu chooni. Watu wazima wenye uzoefu huivua bastola, wakaiweka juu ya tangi la maji, wakatoka wakaiacha. Isitoke kwenye ala. Ishushe pamoja na suruali, iwe mbele ya macho yako muda wote.

Dada_Amani

Na nyumbani je? Nani anaishi na wewe? Chini ya mto na juu ya kabati si mahali pa kuhifadhi silaha, watoto hufika kila mahali. Kasha la chuma lenye kufuli, lililofungwa kwa skrubu ukutani au sakafuni, liingie kwenye hesabu yako kabla ya bastola.

Mtembea_Jioni

Nashukuru sana wote. Leo nimezishika zote tatu nikiwa nimevaa nguo zangu za kazi. Glock 19 imekaa mkononi vizuri kuliko zote, lakini nikikaa mpini unaonekana kwenye shati, nami siwezi kubadilisha mavazi ya kazi. Rivolva nimeivuta triga ikiwa tupu, kilengeo cha mbele kilicheza mno. Naelekea P365 yenye kitufe cha usalama, na ile magazini ndefu kidogo ya risasi 12 kwa mazoezi, ili kidole cha mwisho kipate pa kushika. Nina watoto wawili, kwa hiyo kasha nimeshaagiza. Swali la mwisho: nitajuaje kwamba ni ya kuaminika kabla sijaanza kuibeba?

Shabaha_Moja

Umechagua kwa akili. Piga risasi 200 hivi za mazoezi, ukitumia kila magazini uliyonayo, na uweke alama kwenye kila moja, kwa sababu mara nyingi inayokwamisha ni magazini, bastola yenyewe haina tatizo. Kisha piga boksi moja au mawili ya zile hasa utakazobeba. Ikikwama, andika ni magazini ipi na ni risasi ya ngapi, umpelekee fundi.

Wakati huohuo vaa ala na bastola tupu ukiwa nyumbani. Hakikisha mara mbili kwamba ni tupu, na risasi ziwe chumba kingine. Kaa, inama, panda ngazi, ingia kwenye gari. Utagundua ala inabana wapi na mkanda unalegea wapi, na hayo utayarekebisha kabla hujaingiza risasi hata moja.

Fundi_Chuma

Na baada ya kila wiki ya kubeba, itoe magazini, hakikisha chemba ni tupu, kisha mulika tochi ndani. Jasho na nyuzi za nguo hujikusanya chini ya slaidi na kwenye tundu la pini. Futa, tia mafuta tone moja kila mahali slaidi inaposuguana na mwili wa bastola, si zaidi ya hapo, maana mafuta mengi hunasa vumbi.