Makro au methodi ya mkato: kwa nini uigaji wangu unapanga tukio katika wakati uliopita?

foleni_ndefu
Ndugu zangu, ninaandika uigaji wa foleni ya pakiti kwa C++ nikitumia OMNeT++ 5.6, mfumo wa kuiga mitandao. Kwa kuwa mstari wa kupanga tukio ulikuwa ukijirudia kila mahali, mwenzangu aliufupisha kwa makro hii (jina fupi linalosimama badala ya kipande cha msimbo):

`#define PANGA(m, t) scheduleAt(simTime() + ((m) < 0 ? 0 : (m)), t)`

Tunaiita hivi: `PANGA(normal(0.2, 0.1), tukio)`, ambapo `normal` huchota namba nasibu ya mgawanyo wa kawaida. Baada ya matukio kadhaa programu husimama, ikilalamika kwamba tukio limepangwa katika wakati uliopita, ilhali namba hasi zinakaguliwa waziwazi. Ningependa kuweka methodi mahali pake, lakini mwenzangu anashikilia kwamba methodi itapunguza kasi, na matukio yetu ni mamilioni. Nani yuko sahihi?

mzee_wa_kompaila
Kosa limo ndani ya makro yenyewe. Makro hupachikwa kama maandishi tu kabla kompaila haijaanza kazi, hivyo `normal(0.2, 0.1)` inaonekana mara mbili katika mstari mmoja: namba ya kwanza inachotwa ili ikaguliwe, kisha inatupwa, na namba nyingine ambayo haikukaguliwa na yeyote ndiyo inayotumika. Kwa wastani wa 0.2 na mkengeuko sanifu wa 0.1, takriban namba 23 kati ya 1,000 huwa hasi, kwa hiyo sishangai kwamba hamfiki mbali. Ubaya zaidi ni kwamba hata pale isiposimama, mfuatano wa namba nasibu unaliwa karibu maradufu, na matokeo hayawezi kulinganishwa na ya toleo lisilo na makro, hata mkianza na mbegu ileile (namba inayoanzisha mfuatano huo).

Methodi hupokea thamani iliyokwisha kukokotolewa mara moja. Kuhusu kasi, methodi fupi iliyoandikwa ndani ya klasi ni rahisi kwa kompaila kuipachika mahali inapoitwa, na gharama yake haionekani kando ya kazi ya kupanga foleni ya matukio. Tena mnaweza kuifanya `virtual`, yaani inayoweza kuandikwa upya na klasi ndogo, klasi hiyo ikahesabu matukio yake yenyewe. Makro haina urithi. (Kugeuza hasi kuwa sifuri nako kunapotosha mgawanyo, tazameni `truncnormal`, ambayo haitoi namba hasi.)

kumbukumbu_safi
Ninakubali, ila makro zisifukuzwe zote. `Define_Module` inasajili klasi kwa jina lake, kazi ambayo methodi ya kawaida haiwezi kuifanya. `EV`, inayoandika kumbukumbu za mwenendo wa uigaji, nayo ni makro kwa sababu nzuri: kumbukumbu hizo zikizimwa, kinachofuata hakikokotolewi kabisa, ilhali methodi ingekokotoa kwanza hoja zake zote ndipo igundue kwamba hakuna anayezihitaji. Zamani tungeongeza pia namba ya mstari wa msimbo, lakini C++20 imeleta `std::source_location`, na sababu hiyo imedhoofika.

foleni_ndefu
Asanteni sana. Nimeandika `pangaBaada(simtime_t muda, cMessage *tukio)` katika klasi ya msingi, nikatumia `truncnormal`, na uigaji umefika mwisho. Nimeona pia kwamba toleo la 6.0 lina `scheduleAfter` inayofanya kazi hiyohiyo, hivyo tutakapohamia huko methodi yangu itabaki mstari mmoja. Sasa kuna majedwali ya mwezi uliopita, yaliyotoka kwenye makro nyingine ya namna hiyo ambayo haikuwahi kusimama. Hayo nimeanza kuyaendesha upya.