Fundi kayeyusha beringi za Ford ya babu akazifanya CHUBWI. Natetemeka hapa

Wakuu, sisalimii. Salamu zangu zimebaki gereji.

Huyu fundi mnamjua. Simtaji, maana nikimtaja uzi utafutwa halafu yeye atapata wateja. Yule wa "mimi nimefanya kazi na Wazungu". Yule ambaye gari likitoka kwake anabaki na bolti saba mkononi, anakwambia kiwanda kilizidisha. Huyo huyo.

Nina Ford Model A ya 1930. Babu aliipata kwa meneja wa shamba la mkonge, baba akaitunza, mimi nikarithi gari pamoja na presha. Silinda nne, lita 3.3, nguvu farasi 40, gia tatu ambazo usipokanyaga klachi mara mbili linakutukana mbele za watu. Wiki iliyopita likaanza kunoki. Kidogo tu, ko-ko-ko, kama mgeni mwenye adabu mlangoni. Dawa yake mara nyingi ni kutoa shimu moja au mbili, vile vipande vyembamba vya kujazia, kwenye kifuniko cha konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki, ule mhimili unaozunguka), basi. Nikampelekea afungue sampu, lile sinia la oili chini ya injini, AANGALIE. Kitenzi ni hicho, sikutumia kingine.

Kwa wasiojua: konrodi za gari hili hazina zile metali, beringi nyembamba za kununua dukani ukachomeka. Beringi yake ni babiti, yaani bati (madini yenyewe, si la kuezekea) limechanganywa na shaba na antimoni, ikayeyushwa ikamiminwa humo humo ndani ya konrodi kisha ikachongwa ikae sawa na kranki. Ni laini makusudi, ili mambo yakiharibika ife yenyewe na kranki ipone. Ukiitoa umebaki na chuma chenye tundu.

Leo saa nne nafika. Jamaa kachuchumaa, moto wa gesi unavuma, konrodi zangu nne ziko juu ya gunia zinang'aa kama meno ya bandia. Mbele yake kachimba vishimo mchangani kwa kidole. Nachungulia. CHUBWI. Chubwi za kuvulia samaki, wakuu! Kumi na moja! Moja bado inatoa moshi!

Kaniangalia, kajifuta jasho, kasema: "Bosi, nimekusafishia zile takataka zote."

Takataka.

Nikauliza takataka zipi. "Zilizogandia humo ndani, kama ukoko. Watu wa zamani walikuwa hawasafishi, bosi." Halafu, nishikeni, akaniomba elfu thelathini ya gesi. Gesi aliyoyeyushia injini yangu!

Nikamuuliza, na zile beringi tatu kubwa za kranki? "Hizo kesho, mtungi umeisha." Yaani kilichobaki cha urithi wangu kimeokolewa na mtungi mtupu.

Na tangi la petroli la hili gari liko mbele ya kioo, juu ya magoti ya abiria, petroli inashuka yenyewe hadi kwenye kabureta. Yeye anapuliza moto hatua mbili kutoka hapo. Hilo nalo ni la uzi wake, leo silifikii. Kila nikitaka kulifikiria akili inarudi kwenye takataka ZOTE. Si baadhi. Zote.

Spana Boi Mstaafu: Pole sana mkuu. Ila kumi na moja? Kwa ninavyomjua, zilikuwa kumi na tano.

Ngalawa ya Jioni: Hizo chubwi anauza bei gani? Namuulizia rafiki.

Mleta uzi: Ngalawa, sikufahamu na usinizoee.

Mama Plagi: Kosa lako. Nani anamwachia huyo mtu konrodi akaondoka? Huyo ndiye alimfungia shemeji yangu betri ya volti 12 kwenye Ford ya volti 6. Taa ziliwaka kama harusi, sekunde tatu, giza. Halafu gari hizo chanya ndiyo inayoenda kwenye bodi, yeye kafunga hasi kwa mazoea. Koili tumeinusa hadi Ijumaa.

Kijana wa Raskazone: Ng'oeni hayo madubwana muweke injini ya Toyota, na AC juu. Babu mwenyewe angekushukuru.

Mleta uzi: Babu angekukimbiza na hendeli.

Spana Boi Mstaafu: Umetaja hendeli nikashika kifundo cha mkono. Kijiti cha sparki kile cha kushoto kwenye usukani lazima kiwe juu kabisa unapopiga hendeli kuwasha injini. Bosi wangu enzi hizo alikishusha akasahau, akaniambia "piga kijana". Injini ikapiga kinyume, hendeli ikarudi, mkono ukavunjika. Alinipa soda. Fanta. Hadi leo sinywi.

Mama Plagi: 😂😂 Fanta!

Mtaalamu Kimya: Mleta uzi, sikiliza. Usikubali akumiminie zile chubwi tena, zimeshaokota mchanga. Na babiti haishiki kwenye chuma kikavu, konrodi inapashwa moto na kupakwa bati kwanza, ndipo umimine. Huyo wako hata hiyo hatua haijui. Agiza konrodi zilizokwisha kumiminwa, unapeleka zako unapewa nyingine, au utafute mashine shopu inayoweza kukuchongea zikae metali za kisasa. Za kranki usiruhusu mtu aziguse.

Mtaalamu Kimya: Ngalawa na wewe, achana nazo. Babiti ya Ford sehemu kubwa ni bati, na bati ni jepesi kuliko risasi. Hadi ifike chini changu watakuwa wamestaafu.

Ngalawa ya Jioni: Basi sinunui.

Mleta uzi: Asante Mtaalamu. Ila hebu fikiria mtu anakwambia "takataka" huku anatabasamu. ANATABASAMU. Kama amenifulia shati.

Breki Kebo: Nyie wa Ford mnadeka. Mimi nina Austin Seven ya 1934, cc 747, breki za kebo. Nikitaka kusimama Ngamiani naanza kukanyaga Chumbageni. Na sijawahi kufungua uzi.

Kijana wa Raskazone: cc 747? Hiyo ni pikipiki imevaa koti.

Breki Kebo: Koti lenye milango, wewe una nini?

Mlango Mmoja: Afadhali nyote mna chuma. Chevrolet yangu ya 1929, bodi ni fremu ya mbao imevishwa bati. Mchwa wameingia. Kwa nje mlango mzima, rangi inang'aa. Jana nimeufungua nimebaki na kitasa, mlango umekaa chini taratibu kama mzee anayekaa mkekani.

Spana Boi Mstaafu: Mchwa kwenye GARI? 😂😂😂

Mlango Mmoja: Cheka tu. Ukiweka sikio kwenye nguzo ya kioo unawasikia wanatafuna. Injini ya silinda sita, nzima kabisa, haina pa kukaa.

Mama Plagi: Paka oili chafu.

Breki Kebo: Oili chafu usipake, kila anayepanda anashuka fundi. Mafuta ya taa, kwa bomba la sindano, tundu kwa tundu.

Mleta uzi: Wakuu tulikuwa kwenye babiti.

Mlango Mmoja: Bomba la sindano la ng'ombe au la mtu?

Breki Kebo: La ng'ombe. La mtu utamaliza mwaka.

Mleta uzi: Amenipigia simu sasa hivi. Anauliza ile elfu thelathini natuma au nampelekea.

Mtaalamu Kimya: Mlango Mmoja, dawa inasaidia ila iliyoliwa imeliwa. Toa bati lote, piga picha kila kiungo kabla hujakigusa, seremala achonge upya kwa kufuata vipande vya zamani. Tumia mvule, mchwa hawaupendi.

Spana Boi Mstaafu: Mninga je?

Mtaalamu Kimya: Nao unafaa.

Ngalawa ya Jioni: Mvule futi bei gani siku hizi? Hii najiulizia mwenyewe, ngalawa imeanza kuvuja.

Mlango Mmoja: Njoo inboksi.