Kulala mapema, kupumua au kutembea: kipi kinashusha kotisoli, homoni ya msongo?

Kijana_Shangani
Habari za jioni wanajukwaa. Tangu korosho zangu ziuzwe mnadani naamka saa nane usiku, moyo unadunda, nawaza malipo hayajaingia. Daktari kapima presha, iko sawa. Kasema ni msongo. Nisaidieni kuchagua: kulala mapema, mazoezi ya kupumua, au kutembea ufukweni asubuhi?

Mkulima_Newala
Pole sana kaka. Anza na usingizi. Kotisoli, ile homoni inayotoka kwenye tezi za juu ya figo, ina saa zake: usiku wa manane iko chini kabisa, alfajiri inapanda, na kilele ni kama nusu saa baada ya kuamka. Ukikesha na simu ukingoja meseji ya benki, unaivuruga. Msimu uliopita niliamua simu ilale sebuleni. Wiki ya kwanza niliteseka, ya pili nikalala hadi adhana.

MamaWawili_Lindi
Usingizi hauji kwa kuitwa. Mwenye mawazo akipanda kitandani saa tatu atagaagaa tu. Mimi kilichonifaa ni kupumua: mkono tumboni, navuta hewa kwa pua nikihesabu hadi nne, naitoa polepole hadi sita, dakika tano. Mapigo yanatulia palepale. Ila kesho yake mawazo yanarudi, nisikudanganye.

Mzee_Mikindani
Mwanangu, tembea. Usikimbie, mazoezi makali nayo huipandisha kotisoli kwa muda, na wewe umeshachoka. Mimi nikishaswali alfajiri nafuata ghuba hadi wanaposhusha samaki, naulizia changu, tunapiga soga na wavuvi, narudi jua linaanza kuchoma. Mwanga ule wa asubuhi ndio unaouelekeza mwili usiku ulale saa ngapi. Na mazungumzo na watu ni dawa, usikae na mawazo ya malipo peke yako.

MamaWawili_Lindi
Kaka, kahawa je?

Kijana_Shangani
Shikamoo mzee. Kahawa napiga vikombe vitatu kijiweni, cha mwisho saa mbili usiku.

MamaWawili_Lindi
Hapo hapo! Kafeini huchochea kotisoli, na saa tano baadaye karibu nusu yake bado imo mwilini. Hesabu mwenyewe inakufikisha saa ngapi.

Kijana_Shangani
Saa saba usiku. Leo kijiweni nakunywa tangawizi. Mzee, kesho alfajiri nakuja Mikindani, tutembee wote.