Njia za baiskeli Dar: tutenganishe na magari au tupunguze mwendo mitaani?

Mchora_Ramani: Wakuu, Morogoro Road tangu mabasi ya mwendokasi yaanze 2016 ina njia ya baiskeli pembeni, imeinuliwa juu ya lami. Sasa ujenzi umehamia Bagamoyo Road mpaka Tegeta. Msimamo wangu: barabara kubwa lazima kuwe na ukingo wa zege, mstari wa rangi hauzuii gari. Mitaa ya ndani kama Sinza na Ilala haihitaji njia maalum, weka matuta, mwendo uwe 30, baiskeli na gari wapite pamoja. Na msiniambie Dar hakuna wapanda baiskeli, wale wanaotoka Feri alfajiri na tenga la samaki kwenye keria ni akina nani?

Chief_Mbezi: Mkuu kwa joto hili nifike ofisini nimelowa? Baiskeli waachieni watu wa Shinyanga. Hela iongeze mabasi, Kimara asubuhi watu wanaingilia madirishani.

NgwanaKahama: Kaka hapo kwa Shinyanga umenigusa. Mzee wangu alibeba abiria kwa Phoenix toka stendi miaka na miaka, tumekula na tumesoma kwa hiyo baiskeli. Unaongea kama vile mtu akipanda baiskeli basi kashindwa maisha.

Chief_Mbezi: Sijatukana mtu ndugu yangu, nimeongelea jua.

NgwanaKahama: Kwani Shinyanga hakuna jua?? Sema ukweli wako, unaogopa majirani wakikuona.

Mzee wa Ubungo: Vijana punguzeni jazba. Si tulipewa ile tuzo ya dunia ya usafiri, 2017 au 2018, na njia za baiskeli zikasifiwa?

Mchora_Ramani: Shikamoo mzee. Ni ya 2018, ilitoka ITDP, lile shirika la kimataifa la mambo ya usafiri, mwendokasi ndo iliibeba. Hata Uholanzi miaka ya 70 magari yalikuwa yamejaa kila kona, watu wakaandamana sababu watoto wanagongwa, ndipo njia zikajengwa.

Dada_Magomeni: Tuzo haijanisaidia kitu. Mimi naendesha Magomeni kwenda Kariakoo, hiyo njia mnayoisifia ukikaribia makutano inakatika, unashushwa kwenye lami katikati ya daladala, na kabla hujafika hapo ushakwepa mama wa mahindi, gari iliyopandisha matairi mawili na bodaboda wamepaki wamelalia tanki wanachat. Sehemu ya kuua mtu ni makutano na ndipo mchoro unapoishia! Halafu zile nguzo za kuzuia pikipiki kwenye njia ya baiskeli, ukizibananisha pikipiki isipite, guta la mzigo nalo halipiti, ukiziachia guta lipite bodaboda naye anaingia. Jibuni hilo kwanza, Shinyanga iacheni.

Boda_Manzese: Kila mada bodaboda. Dada wakati wanachora barabara kuna aliyeweka kijiwe chetu? Abiria anashuka kituoni anatutaka palepale, tukikaa mbali anapanda bajaji. Na bodaboda ilianza kwa baiskeli kule mpakani Busia, kwa hiyo msituone wageni.

NgwanaKahama: Ilianza kwa baiskeli halafu leo mnawafukuza wenye baiskeli kwa honi.

Boda_Manzese: Mimi sijawahi kumpigia mtu honi humo, usiniunganishe.

Dada_Magomeni: Wiki jana mwenzio kanisukuma kwa saitimira na mtoto yuko nyuma kwenye keria. Na mtoto. Sasa niambie nikae kimya.

Boda_Manzese: Pole dada, huyo kakosea, angeanguka mtoto ingekuwaje. Ila tusihukumiwe wote.

Mchora_Ramani: Basi kijiwe kichorwe mdomoni mwa mtaa, hatua chache toka kituoni, na makutano yapewe ukingo mpaka kwenye taa.

Chief_Mbezi: Na nani atasimamia? Trafiki?

Boda_Manzese: Hakuna wa kusimamia. 2021 machinga walihamishwa, nendeni Kariakoo leo mkaangalie. Tuonyesheni kwanza pa kwenda, mkimwaga zege bila kijiwe tutapaki humohumo.