Paka wangu hanywi maji kabisa, nifanyeje?

Bint_Ujiji: Wakuu habari zenu, nina paka dume huku Ujiji, anakula dagaa wakavu tu na bakuli la maji analipita kama halioni, na hili joto naogopa figo zake, wenzangu mnafanyaje?

Mgebuka: Pole dada. Paka asili yake ni nchi kame, kiu haimshtui haraka, ndo maana chakula kikavu tupu hakimtoshi. Hao dagaa waoshe chumvi itoke, wachemshe, mpe na supu yake ikiwa vuguvugu, ila kitunguu usitie kabisaa, ni sumu kwa paka.

Mama_Mwanga: Naongezea, bakuli liwe pana maana wengine hawapendi sharubu ziguse kingo, liweke mbali na anapojisaidia, maji badilisha kila siku. Wa kwangu anapenda yanayodondoka bombani. Maziwa acha, yanawaharisha wengi.

Mgebuka: Na dada, ukimwona amechuchumaa anajikamua mkojo hautoki usisubiri kesho, madume mrija wao mwembamba unaziba, mkimbize kwa daktari wa mifugo la sivyo anakufa.

Bint_Ujiji: Mkojo unatoka vizuri, asanteni sana, supu naibandika sasa hivi.